Masweta Tisa ya Mama Nchagwa

Jina lake ni Wegesa Magige, lakini kwa jina hilo anaitwa na padri tu na watu wa vitambulisho. Sisi wengine tunamwita Mama Nchagwa, kwa mwanawe wa kwanza. Ana miaka sitini na minne. Nyumba yake iko mlimani, dakika kumi kwa bodaboda kutoka Nyamongo sokoni, na yangu iko chini yake, katikati pana uzio wa minyaa uliotoboka. Tundu hilo tulilitoboa sisi wenyewe kwa kupita kila siku. Mimi nashona nguo kwa cherehani barazani kwangu, na kwa miaka kumi na sita yeye amekuwa akipita tunduni kuja kuchukua mabaki ya vitambaa.

Kazi yake ni shamba na ng'ombe wachache. Anachojulikana nacho, hata hivyo, ni kufuma. Alifundishwa na masista alipokuwa msichana, na tangu apate wajukuu, kila mwezi wa kumi ukiingia anaanza masweta ya Krismasi. Wajukuu ni tisa, masweta ni tisa. Uzi hanunui dukani. Anakwenda mnadani, anachagua masweta ya mitumba, yale makubwa yaliyotoboka viwiko, anayafumua yote, anafua uzi, anaukausha, halafu anaufuma upya. Akilishika sweta la mtumba huwa anamtafuta aliyelivaa ndani yake.

"Huyu mzungu alikuwa na tumbo, Lilian," aliniambia siku moja akilinyoosha kifuani kwake. "Hapa nitatoa masweta mawili na kofia."

Pamoja na masweta hushona blanketi moja la viraka, kwa mabaki ninayompa. Hilo si la wajukuu. Ni la mtu ambaye yeye mwenyewe ameona kwamba mwaka huo amepigwa na baridi, na baridi anayoisema si ya hewa. Mwaka niliofiwa na mume wangu, blanketi lilikuja kwangu. Aliliweka juu ya cherehani akarudi kwake kukamua.

Mwaka jana, mwezi wa nane, ndama alimvuta kwa kamba akamwangusha kwenye mawe, mkono wa kulia ukavunjika pale juu kidogo ya kiganja. Alifungwa hogo, ile plasta nyeupe ngumu, akakaa nayo wiki sita. Ilipofunguliwa mfupa ulikuwa umeunga vizuri, lakini vidole vilikataa kukunjika. Muuguzi alimwambia ni kawaida, avifanyishe mazoezi, vitarudi polepole. Mama Nchagwa alikuja kwangu akaweka mkono ule mezani kama anaweka kitu cha mtu mwingine.

"Polepole ni lini?" aliniuliza. "Krismasi hainingojei mimi."

Mwezi wa kumi ukaingia. Nilimwona ameketi mlangoni na sindano zake mbili za kufumia. Ya kushoto ilishikika. Ya kulia ilianguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Mara ya nne hakuiokota. Aliingia ndani, na kwa siku tatu hakupita tunduni.

Sasa, katika chumba cha uani kwake alikuwepo mpangaji, kijana wa Kisukuma anayeitwa Limbu, mtu wa miaka thelathini na mbili, mrefu, mpole kupita kiasi. Alikuja kutoka Simiyu kutafuta dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Mwezi wa tisa jiwe lilimwangukia mguuni ndani ya duara, yaani shimo lao la kuchimbia, likamponda mifupa ya unyayo. Akarudi kutoka hospitali na magongo mawili, na tangu hapo shughuli yake ikawa kukaa kwenye kigoda na kutazama kuku. Naye alikuwa ameiona ile sindano ikianguka.

Siku ya nne alijikokota hadi mlangoni kwa Mama Nchagwa.

"Shikamoo Mama. Nimekuja kuomba kitu. Nifundishe hiyo kazi."

"Marahaba. Kazi gani?"

"Ya kufuma. Wewe una akili ya kufuma, mikono huna. Mimi mikono ninayo, na mchana ni mrefu."

Mama Nchagwa alimwangalia kuanzia kichwani hadi kwenye magongo. "Limbu, tangu nizaliwe sijaona mwanamume anafuma."

"Kwetu nimesuka kamba za ng'ombe tangu nikiwa mdogo. Kamba ni uzi mnene tu."

Nadhani hilo la ng'ombe ndilo lililomshinda. Alimpa sindano.

Siku za kwanza zilikuwa za kuchekesha. Mikono ya Limbu ilizoea sururu, akawa anavuta uzi kana kwamba anafunga fahali. Vitanzi vilikaza hata sindano haikupita. Mama Nchagwa, ambaye kanisani huongea kwa sauti ya chini, tulikuwa tunamsikia kutoka barabarani: "Legeza! Unamnyonga nani? Legeza, baba!" Na Limbu anajibu, "Nalegeza, Mama," huku jasho linamtoka.

Baada ya wiki mbili sweta la kwanza likaisha, la bluu, la mjukuu anayeitwa Neema, mwenye miaka sita. Neema aliitwa kulijaribu. Mikono ikapita, mwili ukapita, kichwa kikagoma. Shingo ilikuwa imebana mno. Limbu akavuta chini, Neema akabaki humo ndani, paji la uso tu likionekana, na sauti yake ikatoka kwenye sufu: "Bibi, ni usiku huku!"

Mama Nchagwa alicheka hadi akaketi chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mwezi wa nane. Walipomchomoa mtoto, Limbu alikuwa amenuna, ameinamisha kichwa.

"Usihuzunike," alimwambia. "Lete hapa. Hili tunalifumua pamoja."

Akaishika ncha ya uzi, akaanza kuvuta na kuviringisha donge. Kwa mkono wa kulia. Vidole havikukunjika vyote, kidole gumba na cha shahada ndivyo vilivyofanya kazi, vingine vikafuata kwa uvivu. Niliona, naye alijua kwamba nimeona. Kuanzia siku hiyo kufumua kote kukawa kwake, masweta ya mitumba na makosa ya Limbu, na makosa hayakuwa machache.

Habari haikukaa uani. Shemeji yake Mama Nchagwa, mzee Werema, mtu wa sauti kubwa na fimbo, alipita siku moja kuulizia mbegu za mahindi akamkuta Limbu na sweta la pinki magotini.

"Mura!" alipiga kelele, yaani kijana. "Wewe ni mwanamume? Shemeji, huyu umemfanya nini?"

Limbu aliinua macho, akahesabu vitanzi vyake hadi mwisho wa mstari ndipo akajibu. "Shikamoo mzee. Nimefanywa fundi."

Kwa siku kadhaa vijana wa bodaboda walimwita Mama Sweta. Nilimwuliza kama haimuumi. Alisema kule chini ya shimo alikuwa anaitwa majina mabaya zaidi, na huku angalau kuna uji. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja, baridi ya mvua iliposhuka, mzee Werema alirudi. Alizunguka kidogo, akaulizia hali ya mguu, akaulizia mvua za kwao Simiyu, kisha akanong'ona kama anaweza kutengenezewa kofia, ya kufunika masikio. Nyeusi. Na asiambiwe mtu. Limbu alimfumia kwa siku moja, naye akaivaa kanisani Jumapili iliyofuata, mbele ya watu wote.

Desemba ilipoanza masweta sita yalikuwa tayari. Mimi kwa cherehani nilikuwa naunganisha viraka vya blanketi. Mama Nchagwa alivipanga sakafuni kwangu kwa mkono wa kushoto, akivihamisha hata mara kumi, kitenge chekundu kisikae jirani na kitenge kingine chekundu. Nilimwuliza mwaka huu ni la nani. Akasema bado anaangalia.

Jioni moja kabla ya kukamua alikuwa anampimia Limbu urefu wa mikono ya sweta la saba. Kwa utani tu akamwuliza, "Na wewe kwenu huna mtoto wa kufumiwa?"

Mimi nilikuwa hapo nikikunja vitambaa, nikaona sindano za Limbu zimesimama.

"Ninaye," alisema. "Wa kike. Agatha."

"Ana ukubwa gani?"

"Sijui, Mama."

Likatoka lote. Alimwacha mtoto akiwa na miezi mitano, aliahidi kurudi baada ya msimu mmoja akiwa amepata. Hakupata. Msimu ukawa wa pili, ukawa wa nne. Mkewe alikuwa akipiga simu; kisha yeye akabadilisha laini kwa sababu kila swali lilikuwa moja tu, unarudi lini, na yeye hakuwa na kitu cha kurudi nacho. Sasa alikuwa na mguu mbovu juu ya hayo.

Nilitegemea Mama Nchagwa amgombeze, maana akianza anaweza. Hakumgombeza. Alichomoa simu yake kwenye kanga akamwekea mkononi.

"Namba ya mkeo unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Mpigie. Mwambie akupe kipimo cha kifua cha mtoto na urefu wa mkono. Usimwambie kingine kama huwezi. Kipimo tu."

Limbu alipiga. Ikaita muda mrefu. Tukamsikia mwanamke akisema halo, halo nani. Mwishowe Limbu akasema, "Luciana, ni mimi. Nipe kipimo cha Agatha, nataka kumfumia sweta."

Kisha yule mwanamke akaanza kulia, na katikati ya kulia akauliza kwa ukali, "Tangu lini wewe unafuma?"

Mama Nchagwa akanishika mkono tukatoka nje, tukawaacha.

Kipimo kilikuja kwa shibiri, maana Luciana hakuwa na futi: kifua shibiri tatu na vidole viwili, mkono shibiri mbili. Limbu alitaka uzi wa kijani. Sweta lile alilianza upya mara tatu bila kuambiwa, na humo ndani hapakuwa na kitanzi hata kimoja kilichobana. Kwa sababu yake, sweta la tisa, la Sarah, mjukuu mkubwa aliye kidato cha tatu, lilichelewa. Tarehe ishirini na mbili lilikuwa na kifua na mgongo, mikono hakuna.

"Nitamaliza kwanza la Sarah, niende kwetu mwakani," Limbu alisema.

"Utaondoka kesho," alisema Mama Nchagwa.

"Mama, nitafika vipi mikono mitupu?"

"Hiyo mikono ndiyo unasema mitupu?" Akaenda ndani akatoka na blanketi la viraka, limekunjwa, akamwekea begani. Limbu alianza kukataa. Akamkatiza maneno: "Hili nimekwisha kuamua. Usinisumbue."

Asubuhi ya tarehe ishirini na tatu tulimpandisha bodaboda hadi Tarime mjini, gongo moja mkononi, la pili alikuwa ameshaliacha. Huko akapanda basi la kushukia Lamadi, na kutoka Lamadi gari la kwao. Saa kumi alituma ujumbe kwamba amefika salama, halafu kimya. Mama Nchagwa hakutulia. Alikuwa akiikagua simu kila anapomaliza kumwaga maji, kila anapotoka zizini.

Siku moja iliyobaki kabla ya Krismasi aliishika sindano mwenyewe kujaribu mikono ya sweta la Sarah. Alifuma mistari minne iliyopinda. Akaitazama sana, akaifumua, akazungusha ukingo mwembamba kwenye matundu ya mikono, basi. Siku ya Krismasi wajukuu tisa waliingia kanisani kwa mstari, na Sarah akiwa na kizibao badala ya sweta. Wasichana wenzake walimzunguka baada ya misa wakitaka kujua amenunua wapi hiyo fasheni mpya. Sarah, mwenye akili, alisema Mwanza.

Tulipokuwa tunagawa pilau, simu ikalia. Ilikuwa picha. Mtoto wa kike amesimama mbele ya nyumba ya matofali, sweta la kijani limemfika magotini na mikono imefunika vidole. Luciana alikuwa amepima kwa shibiri ya mkono wake, Limbu akafuma kwa shibiri ya mkono wa mchimbaji. Mama Nchagwa aliipitisha picha ile kwa kila mtu pale, pamoja na mzee Werema, ambaye aliangalia kwa muda mrefu akasema mtoto atalikulia.

Limbu hakurudi kwenye shimo. Mguu usingekubali, na Luciana vilevile. Alinunua uzi, akaanza masweta ya shule kwa watu wa kijijini kwao, na kila akikwama anapiga simu. Nimewahi kumkuta Mama Nchagwa shambani, jembe liko kwapani, anapiga kelele kwenye simu: "Punguza kitanzi kimoja kila mstari wa pili! Wa pili, nimesema!" Vidole vyake vimerudi, si vyote. Cha mwisho bado kinasimama peke yake, na anasema kimekuwa bwana mkubwa.

Baada ya Pasaka alisafiri kwenda kuwaona. Alisema ni wiki moja, akaniachia ng'ombe. Siku ya sita alipiga simu, na nyuma yake nikasikia mtoto anaongea bila kupumua.

"Lilian, ng'ombe wameshiba?"

"Wameshiba, Mama Nchagwa."

"Huyu mtoto amekataa nilale chumba kingine. Na asubuhi ananisalimia mwangaluka, nisipoitika kwa Kisukuma ananuna. Nitarudi wiki ijayo."

Alirudi baada ya wiki tatu, na kuku wawili.