Lumbesa ya Angani

Kwa siku nne nzima niliamini kwamba ile ndege ndogo ilishindwa kuruka kwa sababu ilipakiwa lumbesa: marobota ya vitenge yamejaa mpaka mlangoni, na mengine mawili yamefungwa juu ya mabawa kwa mpira, kama tunavyofunga mzigo kwenye bodaboda. Niliamini kabisa, na cheti cha kidato cha nne ninacho.

Cheti chenyewe nilikipata kwa masomo ya jioni, baada ya kufunga duka. Nauza vifungo na zipu Kariakoo, kwenye korido nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya mwanzoni, mpaka wa mwisho kabisa anajifuta uso. Mlangoni kwangu anakaa fundi cherehani, dada mmoja wa Magomeni. Mume wake, shemeji yetu wote pale, kazi yake ilikuwa kukusanya vifurushi vya wenye maduka, kuvipeleka uwanja wa ndege na kuvipakia kwenye ndege ndogo za kukodi.

Asubuhi ya ajali alimpigia mkewe simu. Mimi nilisikia upande mmoja tu, tena katikati ya kelele za cherehani za majirani.

"Wakati inaruka? Na ilikuwa imejaa? Mungu wangu! Rubani je? Katoka na miguu yake? Alhamdulillah."

Imejaa. Kariakoo kitu kikijaa, kimejaa mzigo. Gunia likifika mdomoni mtu analiongezea kilemba juu, anakishona kwa kamba, na hiyo ndiyo lumbesa. Basi nikamweleza mchukuzi mmoja aliyekuwa anapumzika kwamba ndege imezidiwa. Nikamchorea na mishale kwenye mfuniko wa boksi: uzito huu unavuta chini, upepo huu unasukuma juu. Aliitikia kwa kichwa kama yuko mbele ya profesa.

Alasiri habari ikanirudia kupitia muuza kahawa, sasa ina marobota mabawani. Ilikuwa imenenepa hata sikuitambua. Nikaipokea kama mgeni, nikampa na kiti.

Siku ya nne shemeji alikuja mikono mitupu, akakaa kwenye kigoda cha mkewe.

"Shemeji, za tangu juzi?"

"Nzuri. Ila leo sina hata kifurushi kimoja. Mangi mwenye duka la vipodozi kaniambia mzigo wake utaenda na basi. Wa vitenge hivyohivyo. Eti mimi nafunga marobota kwenye mabawa. Wiki ikiisha hivi, kule uwanjani wataniambia nibaki nyumbani."

"Lakini na nyie shemeji, mabawani mlizidisha," nikasema. "Fizikia haina undugu."

Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Msomi, hayo ya mabawani kakwambia nani?"

"Muuza kahawa."

"Muuza kahawa kaambiwa na mchukuzi. Nimemuuliza mwenyewe. Na mchukuzi kaambiwa na mwenye duka la zipu, akachorewa na ramani."

Korido nzima ikacheka. Mimi pia nilianza kucheka, ila shemeji hakucheka, nikaishia njiani. Mfuniko wa boksi ulikuwa bado umeegemea ukuta. Aliuchukua, akaitazama mishale yangu kwa muda, akaurudisha palepale. Wala hakupandisha sauti.

"Imejaa mafuta," akasema. "Ndicho nilichomwambia mke wangu, maana niliogopa itawaka. Tairi lilipasuka ikiwa inakimbia, ikatoka nje ya njia, ikalalia bawa. Ilikuwa inaenda kumchukua mgonjwa, shemeji. Siku ile sikupakia kitu."