Mwanamke Hapandi Mti, Walisema

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Shamba wa Busia alinipa buti za mpira zilizonizidi, akanituma ng'ambo, Tororo, upande wa Uganda, kwenye kitalu kilichokuwa chini ya vilima vya Osukuru. Nikajifunze kuzalisha miche ya forosadi, yale matunda meusi laini yanayotia ulimi rangi, kisha nirudi kuwafundisha akina mama. Miaka ile ya sitini, mpaka wa Malaba tuliuvuka kama mtu anayekwenda kwa jirani.

Msimamizi wa kitalu, Mjopadhola mmoja mtu mzima, kazi aliijua, sikatai. Alituonyesha kuchagua tawi lililokomaa, nene kama penseli, si lile changa linalooza upesi. Chini unakata mshazari, karibu na kifundo. Juu unakata sawa, usije ukakichomeka kipande hicho kichwa chini miguu juu. Hicho ndicho kipandikizi. Vifundo viwili vinaingia udongoni, na mizizi hutokea hapo. Nilikata vyangu, nikainama kuchomeka. Akanishika mkono.

"Mama, wewe kata tu. Wanaume watapanda. Bibi akipanda miti, bwana yake nakufa."

Damu ilinichemka. Mila hiyo niliijua, kwetu Usamia iko vilevile. Mti ni alama ya mwenye shamba, na wanaume hawakutaka mwanamke awe na alama. Hiyo habari ya kifo ni vitisho tu! Tena ningewafundishaje wenzangu kazi ambayo mkono wangu haujaigusa?

"Mzee, mume ni wangu," nilimwambia. "Akifa nitamlia mimi."

Nikachomeka. Wanaume wote waliacha kazi wakanitazama.

Niliporudi Busia, habari zilikuwa zimenitangulia. Bwana Shamba akaniambia nifuate mila au nirudishe buti. Nikamjibu aje azivue mwenyewe. Hakuja. Mume wangu, mwalimu wa shule, alicheka sana aliposikia, na miti niliyopanda nyumbani ilipozaa alikula forosadi hadi shati likaingia madoa.

Nilifundisha kazi hiyo mpaka nikastaafu. Mume wangu alifariki mwaka jana, mzee wa mvi, meno yamekwisha. Matangani nikawasikia watu wakinong'ona kwamba ni ile miti yangu. Nilisimama mbele yao nikawauliza: miaka yote aliyoishi, mbona hamkusema ni miti iliyomweka hai?

Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Nikachukua panga, nikakata kipandikizi cha forosadi yangu, nikakichomeka pale kichwani pake, wote wakiona. Kimechipua.