Mikate ya Matanga

Mume wangu alipofariki, watu wa kanisa walikuja kila jioni nyumbani kwa wazazi wake, kijijini Kasikeu, na karibu kila mtu alibeba mkate. Tulipomaliza kumzika, magunia mawili ya mikate yalikuwa yamebaki jikoni.

Siku ya tatu baada ya mazishi nikaona mmoja umeota ukungu wa kijani. Nilikuwa nimechoka, hata harufu ya mkate ilinichefua. Nikaanza kuburuta gunia kuelekea shimo la taka.

"Unapeleka wapi?" mama mkwe akauliza.

"Imeharibika, mama. Natupa yote."

Akanishika mkono. "Wiki hii nimeshaweka mtoto wangu kwenye shimo. Ngoja kwanza tuangalie."

Mazishini hakulia, na watu walimsifu eti ana roho ngumu. Tuliketi kwenye mkeka, akafungua mfuko mmoja mmoja, akitazama kila mkate pande zote. Wenye ukungu aliuweka kando mzima. Nikataka kukwangua ile sehemu ya kijani, akanizuia.

"Ukiuona juu, ndani umeshaenea. Hata kuku usiwape."

Hiyo tuliifukia. Iliyokauka tu tuliikata vipande. Vingine tulichovya kwenye mayai na maziwa, tukakaanga, watoto wakala. Vilivyobaki tulianika juani kwenye sinia, tukafunika kwa neti, mpaka vikawa vinavunjika kama biskuti, ndipo tukavitia kwenye mkebe wa kifuniko cha kubana.

Katikati ya kukata, kisu chake kilisimama. Alikuwa ameshika kile kipande cha mwisho wa mkate, chenye ganda.

"Alipenda hiki," akasema. "Alikuwa anakipigania na dada zake."

Hapo akalia, kwa sauti, hadi majirani wakaja. Nami nililia. Miaka yote niliyoishi na mume wangu mjini Salama sikujua kwamba alipenda ganda. Nyumbani kwetu alikuwa akiwaachia watoto.

Vile vipande tulikunywa navyo chai ya asubuhi karibu wiki tatu. Wageni walikuwa wameshaacha kuja. Mkebe ulipoisha, mama mkwe aliuosha, akauliza kama bado nina mpango wa kurudi Salama. Nikamwambia ndiyo, shule zinafunguliwa.

"Basi niachie mtoto mmoja," akasema.

Sikumwachia. Niliondoka nao wote watatu, na yeye akabaki amesimama mlangoni, mikono imelowa maji.