Mama Aliyedhani Naitwa Limited

Kosa langu la kwanza katika biashara lilikuwa kuitikia jina lisilo langu.

Miaka ile ya tisini, milango ya biashara ilipofunguliwa, Mwanza ilijaa wakurugenzi. Mimi na kaka yangu tukaandikisha kampuni ya kufungasha dagaa. Kaka alitia sahihi akarudi kwenye shamba lake la pamba, kampuni nikabaki nayo mimi. Sheria nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada nilichokiokota kwenye vitabu vya mitumba sokoni. Nilikuwa mtu wa wasiwasi. Kila ukurasa niliurudia, mpaka nikafika kwenye neno lililonipa usingizi: Limited. Nilielewa kwamba kampuni ikishindwa kulipa, inadaiwa kampuni, mali ya mwenyewe haiguswi. Mali yangu ilikuwa mabati mapya niliyoyapanga kiwanjani kwangu Buswelu, ya kuezekea nyumba yangu ya kwanza. Basi nikalichora neno hilo kwa rangi nyekundu mgongoni mwa shati la kazi, herufi kubwa zilizonyooka.

Dagaa nilichukua mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, kwa mama mmoja wa Kikerewe aliyekuwa akianika mchangani. Akiniona tu, anapaza sauti:

"Rimitedi huyo!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Rimitedi. Leo unabeba ngapi?"

Mimi siwezi kuacha kitu kilichopinda. Nikamrekebisha: "Si Rimitedi, mama. Ni Limited."

"Ndiyo, Rimitedi. Nimesikia."

Nikaridhika. Nikamrekebisha tena wiki iliyofuata.

Alinikopesha magunia mengi. Nilifunga dagaa kwenye vifuko vya nailoni, nikaziba kila kifuko mara mbili kwa mshumaa ili hata sisimizi asipite. Sisimizi hawakupita, na unyevu nao haukutoka. Mzigo wote ukaota ukungu, maduka yakaurudisha. Kampuni ikabaki na mihuri tu.

Mama alinipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilikwenda nimepiga pasi, moyo umetulia.

"Mwenyekiti," nikasema, "deni lipo, silikatai. Ila si langu. Ni la Limited."

Mama akanikodolea macho. "Na Rimitedi ni nani, kama si wewe? Jina umelivaa mgongoni! Nikikosea kulitamka unanikaripia!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mwenyekiti mwenyewe alifuta machozi kabla ya kuniuliza, "Kijana, ulimwambia kwamba kuna kampuni?"

Nikageuka nikamwonyesha mgongo wa shati.

"Basi mama alimkopesha mtu. Na mtu ni wewe."

"Mimi hiyo kampuni sijawahi kuiona," mama akaongeza. "Ina miguu? Ilikuja lini mwaloni kunisalimia?"

Cha kuniumiza ni kwamba kitabu changu kilisema hivyohivyo: anayekopa bila kusema anamkopea nani, amejikopea mwenyewe. Ukurasa huo niliusoma mara nyingi sana. Nilidhani unawahusu wazembe.

Mabati yakapakiwa kwenye mkokoteni mchana huohuo kulipia deni. Mama alisimamia kazi kwa furaha, akisifia jinsi nilivyoyapanga vizuri, kisha akashusha manne.

"Haya ya choo, mwanangu. Mtu asinyeshewe chooni."

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka, naye akacheka mpaka akakaa juu ya mkokoteni. Mwaka ule niliezeka nyumba kwa nyasi, na choo changu ndicho kilichokuwa na paa zuri kuliko vyote mtaani.

Siku hizi, kabla sijabeba mzigo wa mtu kwa mkopo, namweleza wazi kwamba mnunuzi ni kampuni, kwamba ikianguka huenda asipate kitu kwangu, halafu namwuliza kama bado anauza. Wengine hukataa. Hao nawalipa taslimu.