Mama Waya na mguu uliorudi bendini

Saa nne asubuhi, Mama Waya anatoa kichwa dirishani na kumwita jirani yake, fundi wa kuchomelea mageti.

"Shemeji, hebu pumzisha hiyo mashine. Nina mgonjwa ndani."

"Mgonjwa gani tena?"

"Bendi nzima."

Kelele zinakatika. Mama Waya anafunga dirisha, anaziba chini ya mlango kwa blanketi, kisha anavaa hedifoni zake zilizozungushiwa utepe mweusi. Majirani wanaapa kwamba mama huyu humsikia sisimizi akipiga chafya. Mwenyewe hakanushi. "Uongo huo ndio unaoniletea wateja," anasema.

Kazi yake ni kusafisha sauti za kanda za zamani, zile zilizorekodiwa ukumbini kwa maikrofoni moja, watu wakicheza, chupa zikigongana na feni ikinguruma. Alianza kama fundi wa redio. Redio zilipoacha kuletwa, akajifunza kompyuta kwa kubonyeza na kujuta. Mwezi ukileta kanda tatu, ni neema.

"Kanda ni kama mtoto aliyecheza matopeni," anaeleza. "Osha, lakini ukisugua sana unamtoa ngozi."

Hilo amelijua kwa kuumia. Leo mzee aitwaye Babu Besi anakuja kuchukua kanda pekee aliyo nayo ya bendi aliyopigia gitaa la besi ujanani. Wiki iliyopita aliisikiliza ikiwa imesafishwa, akanuna. Kabla haijasafishwa, chini ya muziki kulikuwa na kishindo, kama mtu anayebisha hodi bila kuchoka. Mama Waya alidhani ni hitilafu, akakifuta chote.

"Umenikata mguu, mwanangu," mzee alimwambia. "Siku ile mpiga ngoma hakutokea. Mimi ndiye niliyekanyaga jukwaa mwanzo hadi mwisho, wenzangu wasipotee."

Akadai kanda yake. Mama Waya akaomba nafasi moja tu ya kuanza upya na kanda yenyewe.

Safari hii ameondoa feni, amezishusha chupa, na mguu ameuacha, pamoja na ubao wa jukwaa unaolia kila kisigino kinapotua.

Babu Besi anaingia na fimbo yake, uso umekunjwa.

"Baba, karibu kiti."

"Nimefuata kanda, sikufuata kiti."

"Basi sikiliza umesimama. Shauri yako na hayo magoti."

Gitaa linaingia. Sauti ya mwimbaji inapanda, safi, na chini yake mguu unatembea: du, du, du. Kiatu cha kulia cha mzee kinaanza kugonga sakafu, sawasawa na kile cha ujana wake. Kisha anavuta kiti, anakaa.

"Rudisha mwanzo."

Mara ya tatu anacheka. "Huyu mwimbaji alinilaumu maisha yake yote kwamba namtoa kwenye mdundo. Sikiliza hapo. Nani katoka?"

"Yeye, baba."

"Liandikwe hilo."

Mama Waya anatabasamu kama aliyefunga bao. Anatamani kusafisha kanda zote za bendi hiyo, wapigaji wachache waliobaki wajisikie wangali hai.

Mzee anainuka, kanda anaiacha mezani.

"Mpiga tarumbeta wetu ana sanduku zima la kanda uvunguni. Amegoma kumpa mtu. Kesho nakuja naye."

"Alikuwa akikosea?"

"Sana. Alikuwa anatangulia kama mbuzi aliyeona shamba."

"Hayo makosa nitayaacha," anasema Mama Waya.