Mama Kwenye Jiko la Jirani

Serikali ilipotuhamisha kutoka kwenye kaya zetu za zamani na kutuweka kijijini, upande wa Tinde, nyumba zilipangwa kwa mistari. Zote za udongo, zote za nyasi, zote milango imeelekea barabarani. Viongozi waliusifu sana ule unyoofu. Mama yangu hakuusifu. Alizaliwa, akaolewa na kuzaa mahali ambapo jirani unamwona kwa mbali, ng'ambo ya shamba la pamba, na sasa alikuwa anamsikia jirani akikohoa.

Mwanzoni alikosea nyumba tukacheka. Hata mimi niliwahi kukosea nikitoka kisimani. Lakini sisi wengine tulizoea, yeye akazidi kupotea. Alitia mboga chumvi, akatia tena, akatia tena. Aliniuliza baba yuko wapi, nikamwambia baba alikwisha kufa, akalia kilio cha msiba mpya, na kesho yake akauliza tena. Mimi nina hasira za karibu, nilimgombeza. Watu waliniambia nimwache, ni uzee tu, utu uzima dawa. Dawa hiyo sikuiona.

Niliishi naye peke yangu. Nilikuwa nimeachika nikarudi nyumbani, na kaka yangu, ndugu yangu wa pekee, alikuwa Geita akichimba dhahabu kwa kujificha. Nikampeleka mama hospitali Shinyanga mjini. Daktari alimwuliza huu ni mwezi gani, akamwuliza ana watoto wangapi, na mama akawa anatabasamu tu kwa adabu, kama mgeni anayekataa chakula. Daktari akaniambia ni ugonjwa wa ubongo, unakula kumbukumbu kidogo kidogo, na dawa hakuna. Nisimgombeze wala nisibishane naye. Akimwulizia baba, nimwambie anisimulie habari zake.

Ushauri ule ulinisaidia kweli. Jioni moja alinisimulia jinsi baba alivyokuja kumposa akiwa amevaa viatu vya kuazima, vinambana, anachechemea mbele ya wakwe. Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Sijawahi kumpenda mama kama nilivyompenda jioni ile. Lakini nilikuwa nimerudi kijijini na ugonjwa usio na jina kwa Kisukuma, na watu hawaogopi wala kuhurumia kitu kisicho na jina. Uchawi ulikuwa nalo, na kila mtu alilijua.

Wakati wa kuchuma pamba, mimi nikiwa shambani, mama aliingia nyumba ya jirani. Hakukuwa na mtu ila mtoto mdogo amelala. Mama akakaa jikoni, akachochea moto, akakoroga uji uliokuwa mekoni, akaonja, akatoka. Binti wa nyumba ile alimwona akitokea mlangoni na mwiko mkononi. Najua mama alifikiri yuko kwake, kwa sababu niliporudi aliniambia uji wangu uko tayari, nami nikautafuta nyumba nzima nisiuone. Kabla jua halijazama, mtoto wa jirani alikuwa anatapika.

Kwetu mtu hakorogi chungu cha mwenzake bila kukaribishwa. Tena macho ya mama yalikuwa mekundu, na macho mekundu kwetu ndiyo alama ya mchawi. Ya nani hayakuwa mekundu? Miti ilikuwa imekwisha, tulipikia mavi ya ng'ombe, na moshi ule hauchagui macho. Mtoto alipona baada ya siku chache, maneno yakabaki. Lisemwalo lipo, watu walisema, kama halipo laja. Mwaka uliotangulia, kijiji cha pili, bibi mmoja alikatwa mapanga mlangoni kwake, na naamini waliomkata walikuja kumzika pamoja nasi.

Jirani mwenyewe, mama wa yule mtoto, alikuja kwangu asubuhi. Hakutaka kukaa.

"Dada, mimi sina neno na mama," alisema. "Lakini wakwe zangu wamekwenda kwa mfumu kupiga ramli, na ametaja mwanamke mzee wa mstari wetu. Mwondoe mama."

Nilimweleza habari za ubongo kama nilivyoelezwa na daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni ugonjwa gani huo unaojua nyumba yenye mtoto.

Nilimtumia kaka ujumbe, akaja, tukamhamishia mama Kahama, chumba cha kupanga Nyasubi. Kaka akarudi machimboni. Pale hakuna aliyetaka kumwua mama, na hakuna aliyemjua. Kijijini alikuwa bado anautambua mtama, kinu, sauti ya ng'ombe wakirudi. Nyasubi ilikuwa kelele za soko na honi za malori. Alitoka mara moja, akaokotwa katikati ya barabara akiwa anatetemeka. Basi nikawa namfungia kwa kufuli ninapokwenda kuuza karanga. Nilijiambia yu hai, na hilo ndilo nililolitaka.

Siku moja nilirudi mapema, nikafungua mlango, nikamkuta amepiga magoti yote mawili, kama binti wa Kisukuma anavyopiga mbele ya wakubwa zake.

"Mwangaluka, mayu," alisema. Umeamkaje, mama.

Alinisalimu mimi kama mtu anavyomsalimu aliyemzaa. Nilisimama na kapu kichwani, nikaogopa kuitika. Akachungulia mlango nyuma yangu, akashusha sauti.

"Mayu, humu kuna mwanamke ananifungia. Ni mchawi yule. Mwambie aniachie niende nyumbani."

Nyumbani kupi? Kaya yetu ya zamani ilikuwa imelimwa ikaisha, na kule kwenye mistari walikuwa wanamngoja na mapanga. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni mimi, mwanao, niangalie uso. Nikatua kapu chini.

"Nitamwambia, mwanangu," nikasema.

Akanishukuru. Hakuinuka mpaka nilipomshika mikono nikamwinua.