Maneno Yalikuwa Chumbani kwa Bibi

Enzi zetu, nikiwa darasa la tatu (mnaocheka hamkuishi Kasulu ya wakati ule), sinema ilihitaji miguu. Baba alikwenda Kigoma mjini kuuza maharage, akarudi na sabufa na spika zake tano. Karatasi ilielekeza zizunguke chumba kimoja. Baba huwa habishani na karatasi, kwa sababu haisomi. Akaunga nyaya kwa selotepu, akagawa spika kama anagawa viti vya msibani: mbili sebuleni, moja jikoni kwa Mama, moja barazani ili majirani wajue, na ile ya katikati chumbani kwa Bibi, mama yake, ambaye miguu ilishamkatalia kutoka kitandani.

Hakuna aliyejua kwamba spika ya katikati ndiyo inayobeba maneno ya watu. Sebuleni tukabaki na risasi, mvua na farasi. Ikawa tunapokezana kukimbilia kwa Bibi.

"Bibi, yule mzee kasemaje?"

"Anamwambia mkwewe arudishe mbuzi."

"Bibi, hii ni vita ya China."

"Na wewe unadhani vita ilianzia wapi?"

Ukienda kuuliza neno moja unakaa nusu saa, miguu umeiingiza kwenye blanketi lake, maana baridi ya kwetu mnaijua.

Ndipo kaka Elia akaja likizo na elimu yake ya bwenini. Akabonyeza rimoti ikaandika "stereo", spika zote zikasema kitu kimoja. Tukasikia kila kitu, na sinema ikapoa kama ugali wa jana. Kwa Bibi hakwenda mtu. Jioni moja akaita, "Wajukuu, huyu kasemaje?" Na yeye alikuwa anasikia kama sisi tu.

Baba akanyoosha mkono. "Lete rimoti. Turudi kwenye sarandi, kila spika na lake."

"Baba, sarandi haipangwi hivi. Spika ya katikati inakaa chini ya tivii."

"Ya katikati iko hapo hapo ilipo. Nenda kamsikilize anasemaje."

Elia alikwenda akinuna. Sinema iliisha hajarudi, na kicheko chake tulikisikia kupitia ukutani.

Bibi hayupo tena. Wadogo zangu siku hizi wanabishana kama sauti ishuke kutoka darini au izunguke kisogoni, kila mmoja na spika zake masikioni. Sauti safi, sitawasingizia. Wanasikia kila neno, masikini, na hakuna anayelazimika kwenda kukaa kitandani kwa mtu.